Kasha la Vishikio Viwili

Kitendawili!

Semeni tega.

Ninaye mlinzi, kutwa nzima amelikodolea jua macho, hapepesi wala hapofuki. Jioni ukimuuliza ameona nini, jua halitaji. Anataja vilivyolikinga.

Alizeti? Hapana, alizeti haina kauli. Kinyonga? Kinyonga subira hiyo ataitoa wapi! Haya, mmeshindwa, nipeni mji. Mnanipa Mwanza? Nimeupokea. Nimetembea, nimekula samaki wake, nimefika mpaka Igoma, na jibu nimelikuta juu ya paa.

Ni kipimajua.

Ni kibomba chembamba tu, wajukuu zangu, kimefungwa kwenye mkono wa chuma. Asubuhi kinaelekea mashariki, jioni magharibi, kinalifuata jua hatua kwa hatua. Kinapima ni mwanga kiasi gani umefika chini. Ule usiofika, umeishia njiani kwenye vumbi, moshi na taka nyingine za angani. Kwa hiyo kinalitazama jua ili kijue uchafu wa hewa.

Kipimajua cha Igoma kilikuwa na mtu wake. Fundi Abeid. Miaka minane, kila asubuhi alipanda ngazi, akafuta kioo kwa kitambaa laini, akatoa utando wa buibui ndani ya bomba, akapuliza sami, wale vidudu wanaotoka ziwani kwa wingu zima. Kisha anaandika kwenye daftari, anashuka, anakwenda kunywa chai ya mkewe.

Siku thelathini na saba zilizopita alianguka kutoka kwenye paa lile.

Wakasema aliteleza.

Sikilizeni sasa, simu inaita.

*

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi.

Sihaba alikuwa kwenye njia panda ya Usagara, ndani ya Land Cruiser yenye namba za bandia. Kichwani mtandio. Kiunoni Glock 19. Mkononi karanga za kuchemsha.

"Mgonjwa anasafiri," sauti ilisema.

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Ndege ya mizigo."

"Na tumboni?"

"Amekula vizuri."

Sihaba akaacha kutafuna. Mgonjwa lilikuwa kasha la kipimajua. Kula vizuri ilikuwa dhahabu.

Aliyepiga alikuwa Mzee Kashindye, mkuu wake katika Idara ya Usalama. Mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa shida.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila mwaka kipimajua hupelekwa ng'ambo, kikalinganishwe na kipimajua kikubwa ambacho ndicho mama yao. Husafiri ndani ya kasha jeusi la Pelican lenye lakiri, na forodha hawalifungui, maana vumbi likiingia kwenye kioo kazi ya mwaka imeharibika. Kuna mtu aligundua kwamba kasha lisilofunguliwa lina nafasi chini. Dhahabu ya magendo ikawa inayeyushwa kwenye karakana moja hapo hapo Igoma, mchana wa jua kali ili moto usionekane. Moto haukuonekana kweli.

Moshi ulionekana. Kipimajua kiliuona.

Na Abeid akamwambia Sihaba.

"Nikate lakiri, Mzee?"

"Ukikata ukakuta kioo kitupu, tumeharibu chombo cha watu, na mkuu wa kituo, Daktari Nathaniel, ataita waandishi."

"Na nikikuta dhahabu?"

"Kasha limesajiliwa kwa jina la Abeid. Yeye ndiye aliyelifunga miaka yote. Atakayebeba lawama ni marehemu."

Sihaba alitazama barabara. Lori la pamba lilipita, likamwachia vumbi.

"Kwa hiyo afe, halafu awe mwizi."

"Niletee mkono wa mtu aliye hai," Kashindye akasema. "Saini, picha, chochote. Kabla ya saa nane. Na Sihaba?"

"Naam."

"Kanuni ya kwanza."

"Mtoa habari hana jina."

"Hata akifa."

"Hata akifa, Mzee."

Simu ikakatika. Karanga zilizobaki hazikulika tena.

*

Nyumba ya Abeid ilikuwa nyuma ya maduka ya vipuri. Mlangoni viatu vya wanawake vimejaa. Bi Hadiya, shangazi wa marehemu, alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huyo, muuza bima amekuja!" Akawageukia wenzake. "Mtu amekufa ndio bima inafika. Wewe mwanangu hata biashara hujui kuiwahi."

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile, kinachokwenda kwa kuchechemea. Sihaba naye akatabasamu. Miaka kumi na sita sasa watu wote wa nyumba ile walimjua kuwa anauza bima Dodoma.

Yasmin alikuwa chumbani, juu ya mkeka, katika nguo zake nyeupe za eda. Walisoma dawati moja tangu darasa la kwanza. Siku ya harusi yake na Abeid, aliyemshika mkono kumtoa ndani alikuwa Sihaba.

"Umekonda, Siha."

"Na wewe je?"

"Mimi nina sababu."

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Daktari Nathaniel amekuja tena?" Sihaba akauliza.

"Jumatatu. Anataka daftari la Abeid. Nikamjibu nikiwa ndani, mlango umefungwa, nikamwambia niko edani, mwanamume baki hanioni. Akasema basi nimtupie dirishani." Yasmin akainua bega. "Nikamwambia sijui lilipo."

"Lipo wapi?"

"Nimelilalia."

Akainua pembe ya godoro. Daftari la bluu, la kurasa mia mbili, limeviringishwa ndani ya kitambaa laini cha kufutia kioo.

Sihaba akalifungua. Mwandiko wa Abeid ulikuwa mkubwa, wa mtu asiye na haraka.

*Jumatatu. Anga safi. Sami wengi asubuhi, nimewapuliza.*

*Jumanne. Saa tisa na nusu, moshi. Si vumbi, si sami. Unatoka karakana ya bati la bluu. Dakika arobaini.*

*Jumanne. Moshi, pale pale, saa ile ile.*

Jumanne baada ya Jumanne. Mpaka ukurasa wa mwisho.

*Jumanne. Daktari anataka nifute siku za moshi kwenye kumbukumbu ya chombo. Nimemuuliza, nikifuta niandike nini mahali pake?*

Sihaba alilifunga taratibu. Lilitosha kwa moyo wake. Kwa mahakama halikutosha, wakili yeyote angesema hicho ni kitabu cha mwizi anayewasingizia wenzake.

"Nitaondoka nalo, Yasmin."

"Ondoka nalo. Lakini niambie kitu." Yasmin alikuwa amemkazia macho. "Yule mume wangu nilimjua. Mtu wa kufuta kioo na kurudi kula. Akiona ugomvi sokoni anazunguka njia ya nyuma. Leo ndio akawe mtu wa kwenda kuchungulia karakana za watu? Alianza kuamka usiku, anakaa. Alikuwa na kalamu moja nene haachani nayo, nikiishika ananinyang'anya. Hayakuwa yake hayo, Siha. Kuna mtu alimtuma. Ni nani?"

Kalamu ilikuwa na kamera. Sihaba alimpa kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kibanda cha chipsi. Wewe angalia tu, shemeji, alimwambia. Mengine niachie mimi. Tangu aanguke, kalamu ile haikuonekana tena.

Alitazama ukili wa mkeka. Mwekundu, wa kijani, mwekundu.

"Siha, nimekuuliza."

Simu ikatetemeka. Sihaba akaipokea haraka kama mtu aliyerushiwa kamba.

"Dada, ni Dorcas wa mizigo, uwanja wa ndege," sauti ikanong'ona. "Ulisema nikwambie. Kasha limefika. Na karatasi zote zimekamilika."

"Nakuja."

Akasimama. Yasmin hakusimama.

*

Ghala la mizigo lilikuwa na joto na harufu ya minofu ya sangara, na kasha jeusi limekaa kule mwisho, karibu na mlango. Dorcas alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye rula nyuma ya sikio. Akamfungulia jalada juu ya meza.

"Hili hapa. Kasha lina jina la marehemu, kwa hiyo haliwezi kutoka bila saini ya mrithi. Mjane amesaini."

"Nani amesaini?"

"Mjane mwenyewe. Leo saa mbili asubuhi. Daktari alimleta kwa gari, masikini. Amejifunika buibui na nikabu, macho tu yanaonekana. Nikampa pole, akataka kuniitikia, Daktari akamkatiza, akasema ana uchungu."

Sihaba akainama juu ya karatasi. *Yasmin, mke wa marehemu, amefika mwenyewe.* Saini ya kupindapinda. Na chini yake, kwa wino mweusi uliokolea: *Ninathibitisha kuwa ninamfahamu mjane huyu na amesaini mbele yangu. Dk. Nathaniel.* Saini. Tarehe ya leo. Muhuri.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kuna kosa, dada?" Dorcas akashtuka. "Mimi Msabato, hayo mambo ya nikabu siyajui."

"Hata yeye hayajui. Alijibiwa mlangoni kwamba mama yuko edani, akadhani eda ni kuvaa nguo ya kujifunika tu." Sihaba alikuwa tayari anapiga simu. "Miezi minne na siku kumi, Dorcas. Mjane haendi sokoni wala harusini. Saa mbili asubuhi ya leo Yasmin alikuwa kwenye mkeka wake, na wanawake kumi mlangoni ni mashahidi."

Kashindye akapokea kabla mlio haujaisha.

"Sema."

"Amemleta mjane wa bandia na kumthibitisha kwa saini yake. Mkono wa aliye hai, Mzee. Una muhuri."

"Kata lakiri."

Sihaba akageuka.

Kasha halikuwepo.

Mwisho wa ghala mlango ulikuwa wazi. Daktari Nathaniel alikuwa amekuja kulisindikiza kasha lake, akaona daftari la bluu mkononi mwa mwanamke asiyemjua. Alilifahamu lile daftari. Akamwita mpagazi, wakalipakia kasha upya, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu aliyesahau karatasi nyumbani.

Injini ilinguruma.

Prado nyeusi.

Sihaba akakimbia.

*

"Nyota kwa Tai. Nyota kwa Tai," Sihaba akaita redioni.

"Tai hapa. Sema," Kashindye akajibu.

"Prado nyeusi imepita Mkuyuni. Inaelekea kusini."

"Atakwenda wapi?"

"Busisi. Akivuka daraja yuko Sengerema, halafu Geita, halafu mpakani."

"Nafunga upande wa Busisi. Msukume."

Land Cruiser iliunguruma. Butimba. Nyegezi. Buhongwa. Mama mmoja aliyekuwa anavuka na beseni la nyanya alirudi nyuma na kutukana magari yote mawili kwa Kisukuma safi.

Usagara Prado ilikata kulia bila kupunguza mwendo.

Sihaba akakata nyuma yake.

Mkono ukatoka dirishani. Pah! Kioo cha pembeni cha Land Cruiser kikatawanyika. Pah! Ya pili ikaenda kwenye mashamba ya watu. Daktari alikuwa msomi mzuri wa anga, lakini bastola haikuwa kazi yake.

Sihaba hakujibu. Barabara ilikuwa na watu. Alingoja.

Kigongo. Kivuko cha zamani kushoto, kimya. Daraja jipya mbele, refu, jeupe, ziwa pande zote mbili linametameta.

Katikati ya daraja Daktari akaona malori mawili ya polisi yamekaa kimkingamo upande wa Busisi.

Breki.

Sihaba naye akasimama, mita thelathini nyuma. Akateremka. Risasi moja tu: gurudumu la nyuma la Prado likatoa pumzi na kukaa chini.

"Nathaniel! Tupa bastola!"

Aliitupa. Haikuwa na risasi tena. Lakini hakuinua mikono. Alizunguka nyuma ya gari, akalivuta kasha, likadondoka barabarani kwa kishindo. Sihaba akaelewa. Ziwa. Kasha likizama pale, dhahabu imekwenda, kumbukumbu ya kipimajua imekwenda, na Abeid atabaki mtu aliyeteleza.

Daktari alishika kishikio cha mbele. Alikuwa na nguvu. Akaliinua upande mmoja mpaka juu ya ukingo, shati limelowa, mishipa ya shingo imesimama. Upande wa nyuma ukabaki chini. Akasukuma. Halikwenda. Akalivuta. Halikuja.

Kasha lile lilikuwa na vishikio viwili. Miaka minane lilibebwa na watu wawili, ngazi zote zile za paa, Daktari mbele, Abeid nyuma.

Nathaniel aligeuza shingo. Akakitazama kile kishikio cha nyuma, kinaning'inia, hakuna aliyekishika.

Akakitazama muda mrefu.

"Hayupo, Daktari," Sihaba akasema. Alikuwa ameshafika, Glock imeelekea chini.

Vidole vya Nathaniel vikalegea. Kasha likarudi barabarani. Yeye akakaa kando yake, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Nilimwambia afute siku tisa tu," akasema. "Siku tisa! Nani angejua? Yeye ananiuliza ataandika nini mahali pake. Nikamkaba shati. Nilitaka anipe ile kalamu. Nilimsukuma, ndiyo, lakini sikutaka..." Akafunika uso. "Alikuwa ananiletea maandazi, yule. Kila Ijumaa, amefungiwa na mkewe."

Askari wakafika, wakamtia pingu.

Sihaba akakata lakiri mwenyewe. Juu, kipimajua kimelala kwenye sponji, kioo kimefunikwa. Chini ya sponji dhahabu imepangwa kama sabuni za mche. Hakuigusa. Alikitazama kioo. Kilikuwa na vumbi la siku nyingi, na kona moja buibui alikuwa ameshaanza.

*

Saa kumi jioni Kashindye akapiga. Sihaba alikuwa bado Kigongo, amekaa juu ya boneti.

"Mafundi wamefungua kumbukumbu," Mzee akasema. "Moshi wote upo. Jumanne zote. Karakana imefungwa, watu wanne ndani, na mwanamke wa nikabu tumempata. Atasema."

"Na siku ile?"

Mzee akakohoa.

"Siku ile moshi ulianza saa tisa na nusu. Saa kumi na dakika nane mwanga ukakatika. Dakika moja na nusu. Halafu ukarudi."

"Wingu?"

"Hakukuwa na wingu. Kuna kitu kilisimama mbele yake."

"Mtu mmoja, au wawili?"

"Chombo hakihesabu watu, Sihaba."

Ziwa lilikuwa limetulia. Mbali, sami walikuwa wanapanda juu ya maji, nguzo nyeusi moja, kisha nyingine.

"Jina la Abeid limetolewa kwenye jalada," Kashindye akaendelea. "Kazi nzuri. Kesho asubuhi nakuhitaji Kigoma. Anza safari sasa hivi. Igoma usipite."

"Mzee, mkewe..."

"Mkewe atapelekewa barua. Barua haina jina la mtu. Wewe ni muuza bima. Ukimwambia, umejichoma wewe, umechoma na wengine wanaotuamini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

Alivaa miwani yake myeusi. Akawasha gari. Askari wawili wakampigia saluti, akawapungia vidole viwili, mtulivu, kama mtu anayetoka kununua mkate.

Pale Usagara taa ya kuonyesha njia iliwaka upande wa kulia. Kulia ni Shinyanga, na mbele huko Kigoma. Basi moja nyuma yake likapiga honi. Likapiga tena.

Sihaba akazima ile taa.

Akakata kushoto.

*

Bi Hadiya alimpisha bila utani safari hii. Habari ilikuwa imeshafika, maana Igoma habari haingoji redio.

Yasmin alikuwa amemaliza kuswali alasiri, msala haujakunjwa. Sihaba akakaa mbele yake, akamweleza. Karakana, kasha, daraja. Kwamba Abeid hakuteleza. Kwamba hakuchukua hata chembe. Kwamba alikataa kufuta.

Yasmin alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka bila sauti, akawa anayafuta na ncha ya mtandio, moja baada ya jingine.

"Alikuwa na woga, unajua," akasema. "Hata mende alikuwa ananiita mimi nimuue."

"Najua."

"Halafu akakataa."

"Akakataa."

Yasmin akachukua chupa ya chai, akammiminia Sihaba kikombe, akakisukuma juu ya mkeka. Alimtazama tu rafiki yake, vumbi la barabara usoni mwake, vipande vya kioo bado kwenye mtandio, na macho ya Yasmin yakashuka taratibu mpaka kiunoni, pale nguo ilipotuna. Wauza bima hawatuni pale.

Sihaba hakugusa chai. Alivua miwani aliyokuwa ameipandisha kichwani, akaiweka chini.

"Ni mimi, Yasmin," akasema. "Aliyemtuma ni mimi."